Chujio la masizi: usingoje taa iwake

Gari la dizeli linaloishi Burumba, hapa Busia, huchoka bila mwenyewe kujua. Asubuhi linapeleka watoto shule, halafu sokoni, halafu mpakani na kurudi. Injini haijapata moto sawasawa, imezimwa. Chujio la masizi, ambalo mafundi wetu huliita DPF, hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwenye joto la nyuzi 600 hivi, na joto hilo halipatikani kwenye foleni ya malori. Tena wengi tumenunua magari kama Mazda CX-5 yaliyokwisha kutumika Japani miaka mingi, na chujio limekuja na uchafu wa huko.

Kungoja taa ya dashibodi hakugharimu kitu leo, lakini sijaona njia iliyo ghali zaidi. Taa ikiwaka masizi yameshajaa, na ukiipuuza gari hupoteza nguvu hadi lipelekwe gereji kwa kuvutwa.

Fundi mwenye mashine ya kupimia atakusomea hali ya chujio kila unapobadilisha oili. Ni vizuri, ila atakuambia hali ya siku hiyo tu. Mimi naona afadhali kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwenye simu. Hupatikana kwa chini ya shilingi 2,000. Vingi ni vya kuigiza na havisomi takwimu za chujio, kwa hiyo kijaribu kwenye gari lako mwenyewe kabla ya kulipa. Angalia gramu za masizi, presha kabla na baada ya chujio, na kilomita tangu lilipojichoma mara ya mwisho. Kilomita kati ya kujichoma kumoja na kwingine zikizidi kupungua, jua kuna tatizo. Masizi yakiwa yameungua na presha bado iko juu, hilo ni jivu la oili, na jivu haliungui hata ukiendesha mpaka Mombasa.

Kipimo cha bure kipo pia: kijiti cha oili. Oili ikipanda badala ya kushuka, dizeli inaingia ndani yake kwa sababu chujio linajaribu kujichoma na kukatizwa. Kwenye CX-5 ya dizeli kuna alama ya X juu ya F. Ikifika hapo, badilisha oili mara moja, na uchague ile ya jivu dogo.

Jivu likijaa, kulitoa chujio na kuliosha kwa mashine ni makumi ya maelfu. Jipya linaweza kufika mamia ya maelfu. Ndipo mtu hushawishika kulitoboa. Nakusihi usifanye hivyo. Shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka moshi wa dizeli kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 2012, na watoto wa Busia na Malaba tayari wanavuta moshi wa malori mchana na usiku.

Ili chujio lidumu, dizeli ya madumu iache kabisa. Halafu mara moja kwa wiki shika barabara ya Kisumu, upite Bumala hadi Ugunja kwa mwendo usiokatika, dakika 20 au zaidi. Simu ikionyesha chujio linajichoma, usizime injini hata kama umeshafika ulikokuwa unakwenda.