Papa Wemba na Remmy: sauti mbili za msibani

Ukiishi Kalemie, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, masikio yako yanalishwa na pande mbili. Kutoka Kinshasa inakuja rumba ya Kilingala. Ng'ambo ya ziwa, kuanzia Kigoma hadi Dar es Salaam, unavuma muziki wa dansi wa Kiswahili. Ndiyo maana ubishi wa hapa kuhusu nani anajua kuimba hauishi. Mimi nasimama na Papa Wemba, na Remmy Ongala nyuma yake, karibu sana.

Papa Wemba, jina lake halisi Shungu Wembadio, alizaliwa Lubefu, Sankuru, mwaka 1949. Mama yake alikuwa mwombolezaji, mwanamke wa kuitwa misibani kuimbia marehemu, na Wemba hakuficha kwamba huyo ndiye mwalimu wake wa kwanza. Baadaye akaimba kwaya kanisani, akajiita Jules Presley kwa jina la Elvis, akawamo katika Zaïko Langa Langa ilipoanzishwa mwaka 1969. Kilio cha mama hakikumtoka.

Sikiliza "Awa Y'Okeyi" katika albamu yake ya mwaka 1995, Emotion. Sauti inapanda, nyembamba, unadhani sasa itakatika, na haikatiki. Waimbaji wengi wakifika juu hukaza koo na kupiga kelele. Wemba huko juu ndiko anakolegeza. Wamama wanaokesha na maiti wanaielewa kazi hiyo: ukimaliza pumzi saa nne usiku, alfajiri utaimba na nini? Katika albamu hiyohiyo aliimba wimbo wa Otis Redding, Mmarekani aliyeimba kama anayelia, na ukamkaa vizuri kabisa.

Remmy ni wa Kindu, Maniema, mzaliwa wa 1947. Alivuka kwenda Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na bendi ya Makassy, kisha jina lake likakua na Super Matimila. Sauti yake ni nzito, ina mikwaruzo, na zile noti ndefu za Wemba asingeziweza. Lakini hapotezi neno hata moja. Anaacha magitaa yazunguke, anaingia bila haraka, anasema jambo lake, anatulia, analirudia kwa uzito mwingine. Wimbo wake "Kifo" nao ni wa msiba, ila hapa anayesikika ni mzee aliyesimama kuwasemesha wafiwa, na kila aliyekaa mkekani anamsikia.

Remmy alifariki Dar es Salaam Desemba 2010, baada ya kugeukia nyimbo za injili. Wemba alianguka jukwaani Abidjan, Aprili 2016, katikati ya onyesho, akafariki.

Siku hizi vijana wengi wakiingia studio wanapitisha sauti kwenye programu ya kuinyoosha. Programu hiyo ingefuta mikwaruzo ya Remmy, na ule mtetemo wa Wemba unaokaribia kukatika ingeusawazisha kama kosa. Vijana wetu wa Kalemie wenye koo nzuri, na wapo, naomba waizime hata kwa wimbo mmoja.