Je, Wajua? Anwani Inayogoma Kufutika

Kwenye intaneti kafe za Kariakoo, kompyuta moja ya Windows XP ilipita mikono mingi kwa siku, na upau wa anwani wa Internet Explorer 6 ulimwonyesha mteja mpya tovuti za aliyetangulia. Ulitunza hadi anwani 25 zilizoandikwa kwa mkono, ndani ya rejista ya Windows. Firefox 3, ya Juni 2008, ikazidi kwa umbea: ilipekua kila ukurasa uliotembelewa, hata kwa kichwa chake. Kufuta anwani moja kwenye Firefox, ishukie kwa kishale kisha bonyeza Shift na Delete pamoja. Ikirudi tena, tazama kama ina alama ya nyota: ukurasa uliohifadhiwa kwa alamisho hujitokeza hata historia yote ikifutwa.