Kiziwa cha samaki nyuma ya nyumba: maji yaanguke, lakini yasipite bure



Asubuhi moja, mbele jua halijatoka, mama mmoja wa vilima vya Kabare alituita mbio. Tilapia zake zilikuwa juu ya maji, midomo wazi, sawa watu wanaotafuta pumzi. Alifikiri mutu ametia sumu. Alikuwa ameuza mbuzi wake kusudi anunue watoto wa samaki.

Sumu haikuwako. Hewa ndiyo ilikosa. Muchana, vijani vidogo vinavyopaka maji rangi ya kijani vinatoa hewa. Usiku vinaitumia, pamoja na samaki na mbolea inayooza. Juu ya ile, mapambazuko ndiyo saa mbaya.

Tukapanga mawe ya bapa kwenye mufereji, ngazi tatu, maji yaanguke kutoka moja mpaka ingine. Ngazi ya mwisho tuliiweka sentimetre 30 juu ya maji ya kiziwa. Maji yakianguka na kupasuka, yanachukua hewa. Samaki wakatulia.

Lakini tuseme ukweli: siye wenyewe tulikosea. Tulimwambia mama aache maji yapite muchana na usiku. Kiisha miezi miwili samaki walikuwa wazima, lakini wadogo vile vile. Maji yalikuwa safi kama ya kunywa, na baridi. Yalikuwa yanabeba mbolea na chakula cha kijani, yanapeleka kwa jirani wa chini. Tena tilapia hali vizuri maji yakishuka chini ya digri 20. Tulimuomba mama samahani, tukafunga mufereji. Rangi ya kijani ilirudi, na samaki wakaanza kunenepa.

Kwa wale wanaotaka kuchimba, tunashauri hivi:

1. Kamata udongo wenye maji kidogo, fanya mpira, rusha juu. Ukirudi mukononi bila kuvunjika, udongo ni muzuri. Ukivunjika, tafuta fasi ingine.

2. Metre 10 kwa 20 zinatosha kwa kuanza. Kina: sentimetre 60 upande wa kuingilia maji, metre 1 upande wa kutokea.

3. Ondoa majani na mizizi kwenye udongo wa kingo. Panga sentimetre 20, twanga, kiisha ongeza ingine.

4. Chini ya maporomoko weka mawe makubwa, maji yasichimbe kingo. Kwenye muingilio funga kichungi, samaki wa pori wasiingie.

5. Weka watoto wa samaki 2 kwa kila metre ya mraba. Kiziwa hiki kinataka 400.

6. Kiziwa kikijaa, funga. Ongeza tu maji yaliyopotea. Samaki wakipanda juu kutafuta pumzi, fungua maporomoko, na siku ile usitie mbolea wala chakula.

7. Ingiza mukono mpaka kiwiko. Vidole vikionekana wazi, mbolea ni kidogo. Mukono ukipotea mbele ya kufika kiwiko, mbolea imezidi.

8. Zungusha lupango. Mutoto mudogo anaweza kuzama.

Mwisho, mbele ya kushika jembe, zungumuzeni na majirani wanaokunywa au kunyweshea bustani maji ya mufereji ule ule. Kiziwa kinacholeta ugomvi hakitafika siku ya kuvuna.