Taa Nyekundu Iliyofichwa na Jua

Asubuhi ya tarehe 5 Oktoba 1999, treni ya abiria iliondoka stesheni ya Paddington, London, kuelekea magharibi. Haikufika mbali. Eneo la Ladbroke Grove iliipita taa namba SN109 ikiwa nyekundu, ikaingia kwenye njia ya treni ya mwendo kasi iliyokuwa ikija mjini. Zikagongana uso kwa uso, mafuta ya dizeli yakawaka moto. Watu 31 walikufa, zaidi ya 400 wakajeruhiwa.

Dereva wa treni iliyotoka Paddington naye alikufa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumuuliza aliona nini.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji Lord Cullen ilibidi ipachunguze mahali penyewe. SN109 ilining'inia juu ya reli pamoja na taa za njia nyingine. Daraja na vifaa vya nyaya za umeme viliiziba kwa sehemu. Jua, likiwa bado chini nyuma ya dereva, lilimulika vioo vya taa moja kwa moja. Katika hali hiyo hata taa iliyozimwa huweza kuonekana inawaka. Tume iliona kuwa yamkini dereva aliamini ameruhusiwa kupita. Tangu 1993, taa hiyohiyo ilikuwa imeshapitwa ikiwa nyekundu mara 8. Mara nane, na bado ikaachwa palepale!

Kwa desturi, mwonekano wa taa hukaguliwa na kamati inayokwenda kusimama relini na kutazama. Kazi hiyo ina thamani, lakini mkaguzi huliona jua la siku ile tu, tena akiwa amesimama. Treni inayokwenda kilomita 160 kwa saa, kasi ambayo SGR ya Tanzania imesanifiwa kuifikia, humeza mita 44 kila sekunde. Tuseme dereva anahitaji sekunde 8 kuiona taa, kuitambua kuwa ni yake na kuamua: taa hiyo lazima ionekane kutoka zaidi ya mita 350.

Hapo ndipo kompyuta inapofaa. Reli, nguzo, madaraja na miti hupimwa kwa leza, kisha ndani ya kompyuta jicho la dereva huwekwa pale linapokuwa hasa kitini. Mahali pa jua hujulikana kwa kila dakika ya mwaka, hivyo safari moja hurudiwa mara mia, ya Oktoba asubuhi na ya Desemba alasiri, kabla hata nguzo ya taa haijachimbiwa shimo.

Lakini picha nzuri si lazima iwe picha ya kweli. Skrini haiwezi kung'aa kama jua, na mchoro wa kawaida huipaka taa rangi nyekundu iliyokolea bila kujali mwanga uliopo. Programu kama Radiance, iliyobuniwa na Greg Ward katika maabara ya Lawrence Berkeley huko California, hukokotoa kiasi halisi cha mwanga unaofika machoni. Jicho nalo lazima lihesabiwe: mwanga mkali hutawanyika ndani yake na kutanda kama ukungu, na ukungu huo huongezeka kadiri umri unavyosonga. Taa inayosomeka kwa kijana wa miaka 25 huenda ikampotea dereva wa miaka 55.

SN109 ilirudishwa kazini Februari 2006, safari hii ikiwa na lenzi moja tu.