Istilahi za Bao Zihamiapo Katika Kompyuta

Mchezo unapohamishwa kutoka ubaoni na kutiwa katika kompyuta, kanuni zake huweza kuhama zote bila ya lugha yake kuhama nazo. Jambo hili limeonekana Marekani, ambako mchezo wa kusimuliana safari za kishujaa, Dungeons & Dragons, ulitolewa mwaka 1974. Tangu 2002 wapenzi wake wamezijenga upya baadhi ya safari zake za zamani ndani ya mchezo wa kompyuta uitwao Neverwinter Nights. Mapango na mazimwi yalihama. Sauti ya msimulizi aliyeketi mezani, akajibu maswali na kuamua ubishi, kwa sehemu kubwa ilinyamaza.

Katika pwani ya Kiswahili mfano ulio karibu ni bao. Kila mchezaji ana kete 32: sita katika nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kulia kwa nyumba hiyo, na 22 za ghala. Maadamu ghala haijakwisha, wachezaji hunamua. Ikiisha, huingia katika mtaji. Asiyeweza kula hutakata. Akitakata hata shimo moja la mwenziwe likakabiliwa na kuliwa, naye mwenziwe hana cha kula, basi amemtakatia, na kwa kawaida shimo hilo haliwezi kuanzia takata. Yafaa mwanasarufi aangalie hapa kwamba kauli ya kutendea haikuongezwa kwa pambo: kutakata na kutakatia ni hukumu mbili mbalimbali.

Hukumu hizo barazani hutamkwa. Mkono ukikosea, watazamaji hupiga kelele, hutaja kichwa na kimbi, hudai kete irudishwe, na mara nyingine hubishana kuliko wachezaji wenyewe. Kompyuta hairuhusu kosa. Kwa hiyo haina haja ya kulitaja. Kanuni hutendwa kimya kimya, na kijana anayejifunzia katika simu aweza kuwa hodari wa kutakatia asijue kwamba tendo lake lina jina.

Haina maana kwamba wahamishaji wameidharau lugha. Alex de Voogt, aliyejifunza kwa mabingwa wa Unguja na kutoa tasnifu yake Leiden mwaka 1995, alizihifadhi istilahi za Kiswahili katika kanuni alizoziandika. Nao Donkers na Uiterwijk wa Maastricht walipoandika mwaka 2002 juu ya kulitungia bao programu, walikuwa na msingi huo wa kutegemea. Lakini msingi wenyewe ni wa Unguja. Programu ikishaenea, kanuni za mahali pamoja huwa ndizo kanuni, kama ilivyopata kuwa kwa lahaja.

Ndiyo sababu Kwale inastahili kuangaliwa mapema. Kati ya Diani, Msambweni na Vanga, Kidigo, Kivumba na Kiswahili sanifu hukutana katika vinywa vya watu wale wale. Kamusi ya Kidigo ya Mwalonya na wenzake, iliyotoka mwaka 2004 ikiwa na tafsiri za Kiingereza na Kiswahili, imerahisisha kazi. Hata hivyo lugha ya ubishi wa bao haikusanywi kwa orodha ya maswali. Hukusanywa kwa kuketi kando ya wachezaji, tena jioni nyingi.

Mahali pamoja kompyuta hulazimika kusema. Mtaji ukiishia katika nyumba, mchezaji huchagua kuiacha au kuivunja aendelee kusambaza. Barazani mkono hutosha: husita, au huzoa kete zote. Katika kioo cha simu lazima pawe na vitufe viwili vyenye maandishi. Kulala na safari ni maneno yaliyokwisha kuandikwa. Kama mchezaji wa Msambweni angeyachagua hayo au mengine, ni yeye wa kuulizwa kabla vitufe havijaandikwa.