Upepo Upo, Je, Gridi Ipo?

Kufikia katikati ya mwaka 2017, turbini zote 365 za mradi wa upepo wa Ziwa Turkana zilikuwa zimesimikwa karibu na Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, zikiwa na uwezo wa megawati 310. Upepo ulikuwepo, tena mwingi. Umeme wake haukumfikia mlaji hadi Septemba 2018, kwa sababu laini ya kilovolti 400 inayokwenda Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, ilikuwa haijakamilika. Kampuni ya Kihispania iliyopewa kandarasi ya laini hiyo ilifilisika, na serikali ya Kenya ikajikuta inalipa mabilioni ya shilingi kwa ajili ya umeme ambao hakuna aliyeutumia. Wengi husimulia kisa hiki kama habari ya uzembe, na hawakosei. Ila kwa anayejiuliza kama upepo unaweza kubeba sehemu kubwa ya mahitaji ya nchi, kinamwonyesha pa kutazama: nyuma ya turbini, kwenye mtandao unaoupokea umeme wake.

Kuhusu turbini zenyewe, sayansi haina utata mkubwa. Nguvu iliyomo katika upepo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi yake, yaani kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nane. Ndiyo maana mahali pana uzito kuliko ukubwa wa mashine. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna mwanya mpana ambamo hewa hubanwa na kukimbia mwaka mzima; mkondo huo ulielezwa kitaalamu mwanzoni mwa miaka ya 1980, nao huzipa turbini za Marsabit wastani wa takriban mita 11 kwa sekunde. Penye upepo wa mita sita, turbini ileile ingekutana na nguvu pungufu zaidi ya mara sita. Hivyo anayesema upepo ni wa kubahatisha husema kweli kwa sehemu nyingi za dunia, lakini Turkana ameikosea.

Hoja nzito zaidi ni ya saa. Mkondo wa Turkana hupata kasi kubwa zaidi usiku na alfajiri, wakati viwanda vingi vimefungwa na watu wamelala. Wakati huohuo, visima vya mvuke vya Olkaria, ambavyo ndivyo mhimili wa umeme wa Kenya, navyo vinazalisha bila kupumzika. Matokeo yake ni kwamba usiku wa upepo mkali kuna umeme usio na mnunuzi, mvuke mwingine huachwa upotee hewani, na jioni inayofuata, watu wanapowasha taa na majiko, mitambo ya mafuta huitwa kuziba pengo. Wapinzani huishia hapo na kusema upepo umeshindwa. Kwa maoni yangu, wameeleza vizuri ugonjwa wa gridi kisha wakaupa jina la upepo. Denmark hupata zaidi ya nusu ya umeme wake kwa upepo, na upepo wa huko hauna nidhamu zaidi kuliko wa Marsabit. Inachojivunia ni nyaya zinazoiunganisha na Norwei, Uswidi na Ujerumani. Ukivuma, huuza, ukitulia, hununua umeme wa mabwawa ya Norwei. Bwawa ndilo mwenzi halisi wa turbini, kwa kuwa maji yanaweza kungoja na lango likafunguliwa kwa dakika chache. Mvuke wa ardhini hauna wepesi huo.

Yapo pia malalamiko ya kiafya, hasa kuhusu sauti nzito ambazo sikio halizisikii. Baraza la taifa la utafiti wa tiba la Australia lilipitia ushahidi mwaka 2015 na halikupata uthibitisho thabiti kwamba turbini huleta maradhi. Kero ya kelele na usingizi wa mashaka kwa wanaoishi karibu ni jambo la kuchukuliwa kwa uzito, na dawa yake ni umbali. Moshi wa jenereta za dizeli, ambao madhara yake kwa mapafu na moyo yanajulikana wazi, ndio unaostahili hofu hiyo zaidi. Ardhi ni habari nyingine kabisa. Mradi wa Kinangop ulisambaratika mwaka 2016 kwa upinzani wa wenyeji, na Oktoba 2021 mahakama iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi wa Turkana zilipatikana bila kufuata sheria. Hapa wakosoaji wako sahihi, na hakuna turbini ya kisasa itakayorekebisha mkataba mbovu.

Tukikubali kwamba maji ndiyo mwenzi wa upepo, ramani ya Afrika Mashariki inageuka kwa namna ya kushangaza. Tanzania ina Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, wakati shamba lake la upepo linalofahamika zaidi, la Mwenga wilayani Mufindi, lina turbini tatu zenye megawati 2.4. Singida na Makambako zimetajwa kwa miaka mingi kuwa na upepo wa kutosha. Kusi huvuma kwa nguvu kuanzia Juni hadi Septemba, miezi ambayo mvua imekoma katika sehemu kubwa ya nchi na kila mita ya maji bwawani ina thamani. Kila kilowati-saa ya upepo katika miezi hiyo ingekuwa maji yaliyoahirishwa kutumika. Na laini ya kilovolti 400 inayoiunganisha Tanzania na gridi ya Kenya kupitia Isinya tayari inaanzia palepale Singida.