Maana ya "Sawa": Kuandika Mwongozo wa Kompaila kwa Wakala wa Akili Bandia

Utangulizi

Mwandishi wa matini yoyote huteua maneno yake kwa kumzingatia msomaji. Siku hizi, hata hivyo, pamezuka matini ambayo msomaji wake mkuu si binadamu. Hii ni miongozo ya kumweleza wakala wa akili bandia, yaani programu inayopewa lengo na kujiamulia hatua za kulifikia, namna ya kutumia zana fulani. Makala haya yanafafanua uandishi wa mwongozo wa aina hiyo kwa kurejelea zana ya kukompaili programu za biashara ya fedha. Hoja yetu ni kwamba mwongozo huo hauna budi kueleza jibu la zana lina maana gani, na pia halina maana gani.

Zana na kazi yake

MetaTrader 5 ni jukwaa la kampuni ya MetaQuotes linalotumiwa kununua na kuuza sarafu za kigeni, hisa na kadhalika. Mtumiaji anaweza kuandika, kwa lugha ya MQL5, programu ya kumfanyia biashara hata akiwa amelala. Msimbo wake huhifadhiwa katika faili ya .mq5, nayo kompaila ya MetaEditor huugeuza kuwa faili ya .ex5 inayoweza kuendeshwa na jukwaa. Kompaila hiyo huweza kuitwa kwa amri ya maandishi, kisha ikatoa kumbukumbu yenye idadi ya makosa na maonyo, pamoja na mahali yalipotokea. Kwa njia hiyo, wakala anaweza kuandika msimbo, kuukompaili, kusoma kumbukumbu na kurekebisha bila kumwita mtu.

Wakala huitambua zana kupitia maelezo yake. Katika itifaki ya Model Context Protocol, iliyotangazwa na kampuni ya Anthropic mnamo Novemba 2024, zana huelezwa kwa jina lake, ufafanuzi wa lugha ya kawaida, na pembejeo inazohitaji. Ufafanuzi ukiwa na utata, uamuzi wa wakala nao huweza kupotoka.

Sarufi na maana

Tuchukue sentensi mbili. "Kitabu limeanguka" hukataliwa mara moja kwa kuwa inavunja upatanisho wa kisarufi. "Kitabu kimekunywa chai" ina upatanisho kamili, lakini hakuna kitabu kinywacho chai. Kompaila hukamata sentensi ya kwanza na kuipisha ya pili.

Katika MQL5, agizo la biashara hutumwa kwa OrderSend. Jibu lake likiwa "kweli", maana yake ni kwamba muundo wa agizo umepita ukaguzi wa awali. Si ithibati kwamba biashara imefanyika. Programu isipolichunguza jibu hilo, kompaila hutoa onyo tu, na faili ya .ex5 hutengenezwa. Vivyo hivyo, kiasi cha 0.5 kikitiwa katika kigeu cha namba kamili hubaki 0. Hapa pia kompaila huonya, lakini haikatai.

Sasa tuseme mwongozo unasema: "Zana hii huhakikisha kwamba programu iko sawa." Neno "sawa" limebeba maana nyingi mno. Je, ni sawa kisarufi, ni sawa kimantiki, au ni salama kwa fedha za mwenyewe? Binadamu huenda akauliza. Wakala huenda akachagua maana moja na kuendelea na kazi. Afadhali kuandika: "Zana hii hukompaili faili moja ya .mq5 na kutoa idadi ya makosa na maonyo. Haiendeshi programu wala haipimi faida na hasara. Makosa yakiwa sifuri, programu ijaribiwe kwanza katika akaunti ya majaribio. Onyo lisifichwe, chanzo chake kirekebishwe."

Gharama ya ukimya

Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilipoteza zaidi ya dola milioni 460 kutokana na maagizo yaliyotumwa sokoni kwa takriban dakika 45. Msimbo mpya ulikuwa umewekwa katika seva saba kati ya nane. Ya nane ilibaki na msimbo wa kale, ambao uliamshwa bila kukusudiwa. Kabla ya soko kufunguliwa, mfumo ulikuwa umetuma barua pepe 97 zilizotaja hitilafu, lakini hazikuwa zimeundwa kama ilani, na hazikushughulikiwa. Msimbo ule wa kale haukuwa na dosari ya kisarufi ambayo kompaila ingeweza kuikamata.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, mwongozo uitake zana itaje toleo na wakati wa faili iliyotengenezwa, ili cha kale kisidhaniwe kuwa kipya. Pili, kila ujumbe uelezwe uzito wake na hatua inayoufuata: upi ni taarifa tu, na upi unamlazimu wakala kusimama na kumwita binadamu.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba uandishi wa miongozo hii si kazi ya wahandisi peke yao. Kutofautisha sarufi na maana, kuondoa utata na kuweka mipaka ya kauli ni stadi tunazofunzwa katika madarasa ya semantiki na pragmatiki. Mwanafunzi wa Kiswahili anayezimudu ana nafasi katika kazi hii, kwani neno moja legelege katika mwongozo laweza kumgharimu mtu akiba yake.